Damu Nzito, Wifi

11 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Natumaini cherehani inazunguka na sare za shule zimekwisha kabla wazazi hawajaanza kukugombeza. Sisi huku tunakwenda. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi, anajiona daktari mkuu tayari. Paa letu limeacha kuvuja, maana mvua nayo imeacha kunyesha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Nilidhani imeharibika. Halafu binti yangu akakupigia kwa namba yake, ukapokea, mkacheka naye kama kawaida yenu. Basi nimeelewa kwamba imeharibika kwangu tu. Barua haina mlio, huenda hii ukaipokea.

Mume wako alipokuja huku kuchomea kenchi za lile ghala, unajua aliteleza ngazini akagonga kisogo. Unajua pia kwamba nilimpiga picha ya kichwa mimi mwenyewe, kwa mashine yetu ya siti skani, na kwamba fuvu halikupasuka wala damu haikuvujia ndani. Hayo nina hakika alikusimulia na madoido yake. Lakini kuna jingine lililoonekana. Nilimtuma akuambie, na nikampa karatasi ya kupeleka kliniki ya huko kwenu. Namjua mdogo wangu, ni mtu wa kesho na kesho kutwa, na ni wewe peke yako unayeweza kumtoa nyumbani kwa kumvuta sikio. Je, neno alilifikisha? Lile la damu nzito? Na mmelifanyia nini?

Sitaandika zaidi ya hapo. Kazi yetu ina kiapo, mambo ya mgonjwa hayatembezwi kwenye bahasha, hata kama mgonjwa mwenyewe tumenyonya ziwa moja. Kama alikueleza, wewe si mtu wa kuelezwa mara mbili.

Nijibu upesi. Jambo lenyewe halina subira.

Ni mimi, wifi yako.

2 Aprili

Wifi,

Salamu zimefika na zimepokelewa. Watoto hawajambo. Mkubwa amevunja jino akicheza mpira, sasa anajifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Sare zimekwisha. Nimepewa ovaroli za kiwanda, kitambaa kigumu mpaka sindano zinakatika. Mpe hongera binti yako, huyo sina ugomvi naye.

Umeuliza kama neno lilifika. Lilifika, wifi, tena lilifika likiwa bado la moto. Mume wangu aliingia na bandeji kichwani, nikamwuliza dada yako amesemaje, maana wewe ndiye mtu wa hospitali. Akacheka, akavua viatu, akasema, "Dada kasema damu nzito."

Sikuuliza nzito kuliko nini, kwa sababu najua. Mama mkwe alipolazwa, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani na kumwosha. Niliposema tu ahamishwe wodi, kwa kuwa ile ilikuwa na baridi, ulinijibu mbele ya manesi kwamba damu nzito kuliko maji na mwenye mama ni wewe. Nesi mmoja aliinamisha kichwa kwa aibu yangu. Sasa mume wangu ameanguka, amelala kwako siku chache, na wewe ukaona hiyo ndiyo nafasi ya kumkumbusha yeye ni wa nani. Halafu unaniandikia kuuliza nimelifanyia nini! Nimelifanyia hivi: nimelimeza. Na simu yako sitaipokea.

Kama ulikuwa na wasiwasi na afya yake, ondoa. Hayo maji unayoyadharau yanamtunza. Alikuwa analalamika kichwa na kuchokachoka, nikajua ni upungufu wa damu, kazi ya kuchomea inakausha mtu. Anakula maini mara mbili kwa wiki, na kila asubuhi nampa kijiko cha ile dawa ya maji ya kuongeza damu. Ukimwona sasa utasema ametoka likizo. Viganja vyekundu, macho yamejaa damu, uso unang'aa. Kazini wanamwita Chuma. Tatizo lake ni moja tu, akioga anajikuna kama mwenye upele, nimeshabadilisha sabuni tatu. Wameshamwambia kwamba wakianza kujenga matangi makubwa ya mafuta, yeye ndiye atakayesimamia wachomeaji wa juu. Juu kabisa, wifi. Mshahara wa mtu wa juu si wa mtu wa chini.

Kwa hiyo usihangaike na kalamu.

Wifi yako, yule wa maji.

15 Aprili

Wifi yangu,

Leo siulizi habari za mtu. Barua yako nimeisoma kazini, kwenye kiti cha chumba cha mashine, na mgonjwa aliyekuwa amelala anasubiri akaniuliza kama nimefiwa.

Sikusema methali. Nilisema ugonjwa.

Kiapo nakivunja, na kama kuna wa kunishtaki na anishtaki. Picha ya kichwa iliyopigwa kavu, bila dawa, ni ya rangi tatu tu. Mfupa mweupe, maji meusi, ubongo kijivu. Mishipa ya damu nayo huwa kijivu, imepauka kidogo tu kuliko ubongo, inabidi uitafute. Ya mdogo wangu sikuitafuta. Mshipa mkubwa unaoshukia kisogoni ulikuwa mweupe. Mishipa ya chini ya ubongo myeupe. Kushoto na kulia, mbele na nyuma, yote ilikuwa kama imechorwa kwa chaki. Daktari wetu msoma picha alitoka chumbani kwake na miwani mkononi, amekasirika.

"Nani kamchoma dawa ya rangi? Mimi nimeandika picha kavu."

Iko dawa tunayomchoma mtu mshipani ili mishipa ing'ae pichani. Nikamwambia hakuna aliyemchoma. Hakuniamini. Akaenda mwenyewe, akamkunja mikono ya shati, akamkagua mkono huu na huu akitafuta tundu la sindano, na mdogo wangu anacheka kwa kutekenywa. Tundu halikuwepo. Daktari akarudi polepole, akaniambia kwamba ukiona mshipa mmoja umeng'aa, huenda kuna donge limekwama humo. Ukiona yote imeng'aa na hakuna dawa iliyochomwa, tazama damu yenyewe. Imekuwa nzito.

Damu nzito ni hivi, wifi. Chembe nyekundu zimezidi, na damu inatembea kama uji mahali ilipotakiwa kutembea kama chai. Huenda ilikuwa kiu tu, alishinda juu ya bati bila kunywa kitu. Huenda ni uboho, ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeanza kutengeneza bila kujua kusema basi. Picha haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kipimo cha damu kinaweza, na hakichukui muda. Ikiwa ni uboho, tiba ya kwanza ni kumtoa damu kila baada ya muda, kama mtu anayechangia, kisha vidonge. Asipotibiwa, siku moja inaganda kichwani. Hicho ndicho kiharusi, na ndicho nilichokuwa nakutumia salamu zake.

Kujikuna baada ya kuoga si sabuni. Macho mekundu si afya. Kichwa si upungufu, ni kinyume chake kabisa. Nakuomba uiache ile dawa ya maji leo hii. Kumwongezea damu mtu huyu ni kumwaga mafuta ya taa jikoni penye moto.

Yeye nimempigia. Ameniambia alikwishakwenda kupimwa, majibu ni mazuri, nisihangaike. Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni alipokuwa ameiba sukari. Mchukue umpeleke wewe, usimwache aende peke yake. Mashine yetu tunaiendesha watu wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi, mimi siwezi kutoka.

Wifi yako.

6 Juni

Wifi,

Habari za siku. Hatujambo. Jino la mkubwa limezibwa. Mdogo amekataa shule wiki nzima kwa sababu mwalimu amemwita msahaulifu, na ni kweli ni msahaulifu.

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sitasema uongo, usiku huo nilimtazama akilala. Asubuhi nikamsomea yote, mpaka ile ya chaki. Alisikiliza huku anakunywa chai, alipomaliza akasema, "Fundi viatu akikutana na mtu hutazama miguu. Dada anapiga picha za vichwa, atatazama nini?" Akasema daktari wenu mwenyewe hana hakika, ameandika huenda na huenda. Akasema amepimwa na kampuni kwa ajili ya kupanda matangi, presha, macho na masikio, na wamempa cheti cha kupanda juu. Nilimwuliza kama walimtoa damu. Akasema wamempima kila kitu.

Dawa ya maji niliiacha. Ndiyo, niliiacha, kwa neno lako. Unajua kilichotokea? Yeye mwenyewe, asubuhi ya pili, amekaa mezani, ananiuliza, "Mbona leo sijapewa dawa yangu?" Akafungua mdomo kama ndege. Sasa niambie, wewe uliyesoma. Mtu anayejua ana damu iliyozidi ataomba aongezwe nyingine? Nikaenda kuichukua kabatini.

Nilimwambia basi twende wote kliniki, tukate mzizi wa fitina. Akaniuliza kama na mimi sasa naongozwa kwa barua. Wifi, mimi naishi na mtu huyu. Nikimburuta kliniki kwa neno lako akakutwa mzima, nitakuwa mwanamke aliyemharibia mumewe kazi kwa sababu ya wifi. Wewe utakuwa kwako. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na ile habari ya wodini hukuijibu. Nimeona.

Ni mimi.

19 Juni

Wifi,

Salamu.

Umemsomea ukamwuliza mgonjwa kama ni mgonjwa, akasema hapana, ukaenda kuchukua kijiko. Sawa.

Nimepiga picha za vichwa vya watu miaka mingi. Wanaletwa na machela, mdomo umekwenda upande, mke anakimbia pembeni ameshika viatu vya mumewe. Kila mke ananiambia jana tu alikuwa mzima. Nimelisikia sana neno hilo hata silisikii tena, nanyoosha tu kichwa cha mtu kwenye mto wa mashine. Sikutaka nilisikie kutoka kwako.

Ninakuandikia dalili, ndicho kilichobaki. Uso ukishuka upande mmoja. Mkono ukiwa mzito au ukikataa kushika. Maneno yakimvurugika, au akiongea kitu kisichoeleweka. Moja tu likitokea, usimlaze apumzike, usimpe maji, usiite majirani. Hospitali saa hiyohiyo.

Mimi nimenawa mikono. Siandiki tena mpaka uandike.

28 Agosti

Wifi,

Sijui nianze wapi. Watoto wazima. Mimi ninatembea.

Ilikuwa asubuhi, anajiandaa kwenda kazini. Nilikuwa kwenye cherehani, ovaroli mbili zimebaki, tajiri anazitaka mchana. Nikamwona amesimama mbele ya kioo anahangaika na kifungo cha shati. Mkono wa kulia unakigusa kifungo, unakiacha, unakigusa tena. Nikamwambia utachelewa, au nikuvalishe kama mtoto. Akageuka kunijibu. Yakatoka maneno kama ya mtu aliye ndotoni, na mdomo ukaenda upande. Shati nilishona mimi, tundu la kifungo nilikata mimi, si dogo.

Nilifanya ulivyoandika. Sikumlaza, sikuita mtu. Dereva wa jirani alitupakia nyuma pamoja na magunia yake. Hospitali ya hapa wana mashine kama yenu, imesimikwa mwaka huu. Wakampiga picha, wakamweka wodini. Yuko hai. Mkono na mguu wa kulia vimekufa ganzi, maneno hana.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulijua, na mimi sikulijua. Siku ya nne wakasema damu ni nzito sana, lazima itolewe, wakamsukuma kwa kiti mpaka chumba cha kutolea. Nesi wa pale, mama mmoja mnene wa makamo, alimwona akaweka mikono kiunoni. "Chuma! Si tulikwambia usikose hata mwezi mmoja?"

Nilidhani amemfananisha. Nikamwambia huyu ni mgeni hapa. Akanitazama kwa huruma, akasema alikuja Machi na karatasi ya hospitali ya mbali. Wakampima, wakamwambia ni uboho, wakamtoa damu. Akarudi tena Aprili wakamtoa. Kisha akapotea. Aliwaambia akitolewa anaishiwa nguvu, na kazi yake ni ya kupanda.

Machi, wifi. Mimi nakuandikia matusi, yeye keshatolewa damu na amevaa shati la mikono mirefu. Nilimsomea barua yako neno kwa neno na kila neno alikuwa analijua kuliko mimi na wewe. Na kijiko alikifungulia mdomo! Kila asubuhi! Aliona ni heri ameze ile dawa kuliko mimi niulize kwa nini haitaki. Aliposema damu nzito siku ile ya bandeji hakudanganya hata herufi moja. Alijua nitaisikiaje. Alijua sisi wawili hatusemezani, akajificha palepale katikati yetu, akastarehe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nashona mwenyewe.

Picha nimewaomba, nimeikunja ndani ya kadibodi, utaiona. Daktari wa hapa ana haraka, anasema pole mama na kuondoka. Isome wewe. Niambie kitu kimoja tu, na usinifiche kwa kunihurumia, hatujazoeana kuhurumiana. Ni mimi? Ni ile dawa yangu na maini yangu?

Wifi yako.

15 Septemba

Wifi yangu,

Nimepokea barua na picha. Mwenzangu amerudi kazini na mtoto wake hajambo. Binti yangu ameanza masomo, kila jioni ananieleza habari za moyo kana kwamba mimi sina.

Picha niliibandika kwenye ubao wa taa watu walipokwenda kula. Nimeitazama kama ninavyotazama za wengine, nikaanza na jina, tarehe, upande. Nilifika kwenye jina nikasimama. Halafu nikaendelea.

Mishipa bado ni myeupe yote, kama mara ile. Mmoja wa kushoto ni mweupe kuliko wenzake. Hapo ndipo donge lilipokwama. Nyuma yake ubongo umeanza kuwa mweusi, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ndicho kinachoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi maneno nayo yanakaa huko. Mkono na mguu vinaweza kurudi kwa kiasi, mkifanya mazoezi bila kuchoka. Maneno sitakuahidi. Yanaweza kurudi machache, yanaweza yasirudi.

Umeuliza kama ni wewe. Maini, hapana. Uboho wake ungefanya hayohayo hata kama ungemlisha mchicha mtupu. Dawa ya maji ni kweli ilichochea, siwezi kuandika vinginevyo na umenikataza kukuficha. Ila picha haioneshi kijiko. Haioneshi ni kiasi gani kilikuwa chako na kiasi gani kilikuwa cha uboho, na mtu yeyote atakayekuambia anajua, mwongo. Kinachojulikana ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu nyumbani humo aliyekuwa na majibu ya kipimo, na hakuwa wewe.

Nina hasira naye ambayo sina pa kuiweka. Mtu hawezi kumgombeza mgonjwa. Wageni wananiletea vichwa vyao, wananishukuru, wanakwenda kutibiwa. Damu yangu mwenyewe nilimwonesha kwenye kioo cha mashine, nikamwekea kidole, huu hapa, na huu, na huu. Akasema asante dada, akaniomba nauli ya kurudia. Nadhani alihofia wangemshusha matangini, wampe ufagio. Nadhani tu.

Asikose kutolewa damu hata mara moja, hata akionekana dhaifu. Watu watakwambia mtu hawezi kusimama halafu mnamtoa damu, wamenuia kumwua. Usiwasikilize.

Sitakuja kwa sasa. Nikija nitasema, nawe utajibu, na watoto watasikia. Ukiniita nitakuja.

Wifi yako.

9 Oktoba

Wifi,

Tumepokea. Watoto wanakusalimu. Mkubwa anamfanyisha baba yake mazoezi ya mguu, anahesabu kwa sauti kama kocha. Kampuni walileta kadi yenye sahihi za wenzake wote na ovaroli yake mpya, ambayo nimeitambua, niliishona mimi. Nimeifumua, kitambaa kitafaa mto wa kumwegemeza.

Juzi nesi alimtoa damu nami nikasimama kutazama. Nimeiona kwa macho yangu ikishuka kwenye mrija, nyeusi, mvivu. Tuliporudi nilimlisha, nikamfuta, watoto wakatoka kwenda kucheza. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamwuliza kwa upole kabisa, "Ulijua?" Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza, "Ulijua hata nilipokuwa nakupa kijiko?" Akaitikia. Nikamwuliza kwa nini basi hukuniambia mimi, mimi mkeo, hata kama ungewaficha wote.

Mdomo ukahangaika. Alitaka kusema, wifi, nisimsingizie, alitaka. Shingo ilimkaza, jasho likamtoka. Ikaja sauti moja tu, "a", tena "a", tena "a". Nikamngoja. Nikamwambia polepole, sina haraka. Mwishowe akaanza kulia kwa upande mmoja wa uso, nikaenda kuchukua kitambaa.

Wewe unadhani ni kazi ya matangi. Mimi nilidhani ni kiburi, usiku mwingine nadhani aliniona mjinga nisiyeweza kuelewa. Tutakufa tunadhani. Anayejua ni mmoja, na hana maneno.

Ya wodini sikudai tena. Kaa nayo.

Ulisema nikikuita utakuja. Nakuita. Usijidanganye kwamba ni kwa mapenzi. Ninamwosha, ninamgeuza, ninampeleka kwa nesi kila tarehe yake, na kila nikibaki naye peke yangu chumbani ninamchukia. Macho yake hayajapooza. Anaona.

Wifi yako.